Antena Kuukuu: Pima Kabla ya Kulipa



Kikundi kimoja cha vijana kilichanga pesa, kikanunua antena kuukuu hapa Kondele. Walitaka kuonyesha mpira ukumbini, watu walipe kidogo, na hiyo pesa isaidie karo. Antena ilikuwa kubwa, ya kupendeza. Kuipandisha, king'amuzi hakikushika kitu. Antena haikuwa mbovu; ilikuwa ya kazi nyingine. Ndiyo sababu tunaandika haya.

Antena hii ya vijiti vingi juu ya bomba moja ilibuniwa na Wajapani wawili, Uda na Yagi, mwaka wa 1926. Kijiti cha nyuma ndicho kirefu zaidi. Kinachofuata ndicho kinachofungwa waya. Vile vifupi vya mbele huelekezwa kwenye stesheni.

Mkienda kununua, bebeni futi ya fundi. Pimeni kile kijiti cha waya, ncha hadi ncha:

- Sentimita 20 hadi 32: televisheni ya dijitali. Ndiyo mnayoitafuta.
- Sentimita 65 hadi 85: televisheni ya zamani. Kenya ilizima mitambo ya analogi mwaka wa 2015, kwa hivyo msiinunue kwa ajili ya king'amuzi.
- Karibu mita 1: redio za mawasiliano.
- Mita 5 hadi 10: wapenda redio wanaoongea na nchi za mbali. Vikopo vya alumini vikiwa kwenye vijiti, msivitoe. Ni sehemu ya kipimo chake. Kurusha sauti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Mkishapata inayofaa, msikimbilie kupaka rangi. Fungueni kisanduku cha waya. Mara nyingi ugonjwa uko hapo: maji na kutu. Sugueni viungo kwa msasa mpaka ving'ae, na mweke skrubu zisizoshika kutu. Kateni ncha ya waya. Kopa ikiwa nyeusi au ya kijani, maji yameingia. Wekeni waya mpya. Kisanduku kizibwe juu, lakini kibaki na kitundu chini cha kutoa maji. Kijiti kilichovunjika kibadilishwe kwa kingine cha urefu uleule.

Jambo moja huwadanganya hata mafundi. Kijiti cha waya kikiwa kimekunjwa kama kitanzi, mita itaonyesha ncha zake mbili zimeungana. Hiyo si shoti. Ndivyo kilivyoundwa.

Kabla ya kusimamisha mlingoti, angalieni antena za majirani zinavyolala na zinakoelekea. Kisha tazameni nyaya za stima. Mlingoti ukianguka upande wowote, usiweze kuzifikia. Tafadhali, hapa hakuna kubahatisha: bomba likigusa stima, aliyelishika anaweza kufa papo hapo.

Sisi wa kando ya ziwa tunaijua radi. Mlingoti uunganishwe kwa waya mnene na chuma kilichopigiliwa ardhini. Hata hivyo, hiyo haizuii kila kitu. Wingu likianza kunguruma, asiwe mtu juu ya paa. Mapema, kabla radi haijakaribia, chomoeni waya wa antena na wa stima.

Pesa ya kikundi ni jasho la wengi. Futi moja mkononi ingewaokoa wale vijana. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.