Afisa wa Ushuru Akibisha Hodi



Jumanne iliyopita, baada ya darsa la alasiri la kina mama, alibaki mjane mmoja anayeuza leso na mabuibui katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Walimjia vijana wawili wenye vitambulisho shingoni, wakasema ni maafisa wa ushuru na wamekuja kumkagua. Aliwakaribisha, akawapa maji ya kunywa. Walipoondoka walichukua daftari lake na shilingi elfu nne, wakasema ni za kufunga faili. Hawakumwachia hata kikaratasi. “Sheikh,” alituuliza, “je, ningaliweza kuwakatalia?”

Tukaona swali hili si lake peke yake. Nyumba nyingi za mji wetu zina biashara ndani: mwenye kupika mahamri, mwenye kushona, mwenye kupamba maharusi.

Tuanze na haki ya serikali, ili tusidhaniwe kuwa twafundisha watu kukwepa. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 210, yasema kuwa kodi haitozwi ila kwa sheria. Na Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 ndiyo iliyompa Kamishna wa Mamlaka ya Ushuru uwezo wa kukagua hesabu za mlipa kodi. Aweza, kwa notisi ya maandishi, kukutaka utoe hati zako, au ufike mwenyewe kujibu maswali. Kutotii bila ya udhuru wa haki ni kosa. Tena mzigo wa kuthibitisha kuwa umekadiriwa visivyo ni wako, si wake.

Lakini tazama neno “maandishi”. Uwezo huo haukupewa kila mwenye kitambulisho shingoni. Kifungu cha 60, kinachohusu kuingia mahali, kupekua na kuchukua mali au hati, kimefungamanishwa na kibali cha mahakama. Na mwenye nyumba akimtaka afisa aonyeshe idhini ya maandishi ya Kamishna, naye asiwe nayo, basi hana ruhusa ya kuingia wala ya kubaki. Hati zikichukuliwa kwa njia ya sheria, mwenyewe ana haki ya kuzitazama na kuzitolea nakala kwa gharama yake, saa za kazi. Sisi tuliosomeshwa Surat an-Nur tangu utotoni, adabu ya kuomba idhini mlangoni si ngeni kwetu; ajabu ni kuwa twaisahau anapokuja mtu mwenye sauti ya serikali.

Basi mama yule angaliweza kusema kwa upole: nionyesheni barua, ningojeni nimwite kaka yangu. Hilo si ukaidi. Na fedha asingalitoa kabisa, kwani ushuru haulipwi mkononi mwa afisa. Hulipwa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo inayotoka katika mfumo wa iTax, na risiti hubaki kwako.

Kuhusu daftari, sheria yataka hati zihifadhiwe miaka 5, na ziandikwe kwa mojawapo ya lugha rasmi. Kiswahili ni lugha rasmi, asikutishe mtu kuwa hesabu ni za Kiingereza tu. (Mabibi zetu wanaoandika kwa herufi za Kiarabu, twawaomba waandike pia kwa za Kirumi, wasijitafutie mashaka.) Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani yahusu kuandika deni, lakini wangapi kati yetu huuza kwa mkopo na kutegemea kumbukumbu?

Na ukipokea makadirio usiyoridhika nayo, usiilalie barua. Una siku 30 tangu kuarifiwa kuweka pingamizi kwa maandishi, ukieleza sababu na kulipa kile usichokipinga. Kamishna naye ana siku 60 za kuamua. Zikipita kimya, pingamizi lako huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Akikukatalia, una siku 30 nyingine kukata rufaa katika Jopo la Rufaa za Ushuru, kisha Mahakama Kuu. Tumewaona watu wenye hoja nzuri wakishindwa kwa sababu walikuja siku ya arubaini.

Tulimsindikiza mama huyo kuuliza panapohusika. Hapakuwa na notisi yoyote iliyoandikwa kwa jina lake. Amepiga ripoti polisi.

Kinachomuuma zaidi si elfu nne. Ndani ya daftari lile mlikuwa na madeni ya leso za harusi tatu. Sasa binti yake anaandika jipya, na baadhi ya wateja wamekuja wenyewe kutaja wanachodaiwa. Wa harusi ya mwisho, iliyo kubwa kuliko zote, bado hawajafika.