Una Sh3 milioni? Jua haya kabla ya kuifunga benki

Dar es Salaam. Kikoba kimevunjwa Desemba, na mkazi wa Mbagala au Tegeta amebaki na Sh3 milioni mkononi. Ada ya watoto inasubiri Januari, mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita. Akifika benki anatakiwa kuchagua: akaunti ya akiba au amana ya muda maalumu, ambayo wengi huiita ‘fixed’.

Wengi huangalia riba kwanza. Swali la kwanza lingepaswa kuwa: hela hii itahitajika lini?

Hesabu ilivyo

Chukua mfano wa riba ya asilimia 8 kwa mwaka kwa fixed na asilimia 3 kwa akiba. Sh3 milioni ikikaa fixed mwaka mzima inaleta Sh240,000. Ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, zinabaki Sh216,000. Kwenye akiba, baada ya kodi hiyo, zinabaki Sh81,000, na kama kuna makato ya kila mwezi, zitapungua zaidi.

Kwa hesabu hiyo fixed imeshinda. Lakini imeshinda kwa anayesubiri hadi mwisho.

Ukivunja kabla ya muda

Benki nyingi huruhusu kuvunja fixed, ila kuna gharama. Unaweza kupoteza riba yote, au ukalipwa kiwango kidogo. Na mara nyingi huwezi kuchomoa Sh500,000 tu za hospitali. Amana yote inavunjwa.

Baadhi ya benki hutoa mkopo kwa dhamana ya amana hiyo. Hapo linganisha riba ya mkopo na hasara ya kuvunja, kisha chagua iliyo nafuu.

Gawa fungu

Njia rahisi ni kutoweka zote sehemu moja. Kwa mfano uleule, Sh1 milioni ikikaa akiba na Sh2 milioni fixed, mwisho wa mwaka zinabaki Sh171,000 baada ya kodi. Ni pungufu kwa Sh45,000 kuliko kuweka zote fixed, lakini mtoto akiugua usiku, amana haiguswi.

Ada ya Januari isiingie fixed kabisa. Kodi ya nyumba ya Juni inaweza kuwekwa fixed ya miezi mitatu, siyo ya mwaka.

Usalama je?

Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilizifunga benki tano kwa kukosa mtaji wa kutosha, zikiwamo Covenant na Efatha. Wakati huo kinga ya Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa Sh1.5 milioni kwa mteja. Sasa ni Sh7.5 milioni kwa mteja katika kila benki, iwe akiba au fixed. Fedha zilizo kwenye kikoba hazimo katika kinga hiyo.

Uliza kabla ya kusaini

· Nikivunja mapema, nalipwa riba kiasi gani?
· Naweza kutoa sehemu tu?
· Muda ukiisha, hela inarudi kwenye akaunti yangu au inafungwa tena yenyewe?
· Akaunti ya akiba ina makato gani kwa mwezi?

Majibu yawe kwenye karatasi ya mkataba, siyo ya mdomo dirishani.