Motokari ndogo za Uingereza: iligeuze, soma chini ya tumbo

Wakati baba alipofariki, tulifungua sanduku lake la bati tukitafuta fishi za mushahara. Alitumika kwa mugodi miaka mingi, na ofisi ilikuwa inatuomba tuonyeshe kila mwaka kwa karatasi, kama hapana, mwaka ule hauhesabiwi. Fishi tulipata saba tu. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, tukakuta kamyo ndogo ya bene, urefu kama kidole, rangi imetoka, gurudumu moja haliko. Niliitambua palepale. Baba aliinunua Kitwe, ngambo ya mupaka, akaniletea nikiwa mutoto. Nikaigeuza. Chini ya tumbo maandishi yalikuwa yangali yanasomeka: jina la kiwanda, Lesney, na jina la inchi, England.

Kumbe kule Uingereza na mahali pengine kuna watu wazima, baba na mama wenye akili zao timamu, wanaokusanya hizi motokari maisha yao yote. Na jambo la kwanza wanalofanya ni lile nililofanya mimi: wanaigeuza na kusoma chini.

Viwanda vikubwa vilikuwa vitatu. Cha kwanza ni Meccano cha Frank Hornby, mjini Liverpool, ambacho tangu 1934 kiliuza motokari kwa jina la Dinky Toys. Cha pili ni Lesney cha London, kilichoanzishwa 1947 na Leslie Smith na Rodney Smith. Kiisha fundi Jack Odell akaingia. Shuleni kwa binti yake Odell, watoto waliruhusiwa kuleta tu mchezo unaoenea ndani ya kisanduku cha kibiriti. Baba mutu akamutengenezea katapila ndogo ya kugandamiza barabara. Jina la Matchbox lilitoka pale, na katika motokari za kwanza za 1953 mulikuwa bene ndogo ya shantiye. Cha tatu ni Mettoy, kilichotoa Corgi mwaka 1956 pale Swansea, inchi ya Wales, motokari za kwanza kati yao kuwa na madirisha ya plastiki.

Sasa, wandugu wa mugodi, hapa ndipo jambo linatuhusu. Hizi motokari si za bati. Ni za zinki, ile metali ambayo Kipushi ilitoa miaka na miaka, ikasimama 1993, na ikaanza tena 2024. Zinki inayeyuka kwa digri 419, lakini shaba inaomba 1085. Ndiyo maana ni rahisi kuisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikatoka na milango, taa na hata namba za gari. Lakini haitiwi peke yake. Wanaongeza alumini kidogo, shaba kidogo na magnezi kidogo sana. Mchanganyiko huo unaitwa zamak; Waingereza wanasema mazak.

Na zinki yenyewe inapaswa kuwa safi, 99.99 kwa mia. Motokari nyingi za Dinky za mbele ya vita ya 1939 leo zinapasuka zenyewe. Unaiacha kwa kabati ikiwa nzima, siku moja unaikuta imevimba, imepindika, kiisha inavunjika sawa biskuti. Juu ya nini? Juu risasi kidogo ilibaki ndani ya zinki. Unyevu unapita katikati ya chembe za metali na kuzila polepole. Ugonjwa huo hauna dawa. Kupaka rangi mupya hakusaidii kitu. Unaweza tu kuiweka mahali pakavu. Aliyesafisha mawe vibaya mwaka ule, kosa lake linaonekana leo mukononi mwa mutu ambaye hakuzaliwa bado.

Wakusanyaji wanapenda sana tofauti ndogondogo. Mutu anaweza kuwa na motokari kumi za namba moja, wewe ukaona ni moja tu. Yeye anaona magurudumu: kwa Matchbox yalianza ya chuma, yakafuata ya plastiki ya kijivu, kiisha ya plastiki nyeusi. Mwaka 1969 yakaja yale membamba ya kukimbia sana, juu Wamarekani walikuwa wameleta Hot Wheels mwaka mumoja mbele. Kila badiliko linamuonyesha mwaka. Iko Dodge moja ya kuvuta magari mabovu, namba 13: kwa kawaida kichwa ni cha njano na nyuma ni kijani. Chache sana zilitoka kinyume, kichwa kijani na nyuma njano. Hizo ndizo wanazigombania.

Fikiria tofauti hizo zinatoka wapi. Rangi imeisha, bosi anasema tumia ile ingine. Sanduku la magurudumu la zamani linamalizwa mbele ya lile la mupya. Kalibu imechoka, fundi anaitengeneza, alama inabaki. Ni kazi ya kila siku ya izini, kama tunavyoijua sisi. Jina la yule aliyeshika brashi halikuandikwa popote. Alama ya mukono wake ndiyo inauzwa bei leo.

Wadanganyifu nao hawakosi. Mutu anapaka rangi ile isiyopatikana, au anatoa magurudumu ya gari ingine. Kwa hiyo mukusanyaji anaangalia misumari midogo iliyofunga tumbo: ikiwa imetobolewa, gari ilifunguliwa. Na anauliza swali moja kubwa: karton yake iko wapi? Motokari yenye karton yake ya kwanza inashinda mbali ile isiyo nayo. Ile karton ambayo mama zetu walikuwa wanawashia mbabula!

Viwanda vile vitatu vilikufa karibu pamoja. Meccano ilifunga pale Liverpool Novemba 1979. Wafanyakazi walikataa kutoka, wakakaa ndani ya kiwanda hadi mwaka uliofuata, wakaondolewa. Lesney ilianguka 1982, Mettoy 1983. Majina yaliuzwa na yangali yanaishi. Bei ya motokari ikapanda, na wale waliozimwaga hawakupata hata kidogo.

Kama uko na moja nyumbani, usiipake rangi, usiisugue, iweke pakavu. Na karibu yake weka fishi zako za mushahara zote, kadi ya kazi, mkataba, kila karatasi yenye namba yako. Kamyo ya baba inajua kusema ilitoka wapi, imeandikwa tumboni. Baba alimaliza miaka yake, na sisi watoto wake tunaweza kuonyesha fishi saba tu.