Adui wa mgomba asiye na jina

Kila mvua ya masika inapokolea, kisa ni kile kile vijijini Lugulu: mgomba wenye mkungu mzito umelala chini, mizizi juu. Lawama hutupiwa upepo. Wapo pia wanaonong'ona kuhusu kijicho cha jirani. Lakini ukiupasua mzizi wenyewe kwa kisu, aghalabu utaona ndani mabaka ya rangi ya damu ya mzee, mengine meusi kama makaa. Upepo haufanyi kazi hiyo.

Anayeifanya ni nematodi, mnyoo asiyefikia milimita moja kwa urefu. Nathan Cobb alimweleza mmoja wa jamii hiyo mwaka 1893, kutoka kwa migomba ya Fiji. Huyo huyo hushambulia minazi kule India. Nyanda zetu za juu zina ndugu yake anayestahimili ubaridi.

Mnyoo huyu husafiri katika utando mwembamba wa maji baina ya chembe za udongo. Mvua inyeshapo, mgomba huchipuza mizizi mipya, naye akapata njia na chakula kwa wakati mmoja. Ukame wa Desemba hadi Februari humpunguza, ila haummalizi, kwani hujihifadhi ndani ya mizizi na tunguu. Ndiposa anayeomba chipukizi kwa jirani ili alipande masika huenda akarudi nyumbani na adui begani.

Mimi ni mwanaisimu, si bwana shamba. Kinachonikera ni jina. Mwanafunzi wa sekondari hulikariri kwa Kiingereza katika somo la Kilimo, akafaulu mtihani, kisha akashindwa kumweleza nyanya yake. Akisema "minyoo" tu, ajuza atafikiria matumbo ya wajukuu. Tunalo neno "minyoo fundo", lakini hao huvimbisha mizizi ya nyanya na maharagwe. Huyu wa mgomba huozesha. Napendekeza "bunguamizizi", mradi asichanganywe na fukusi, anayetoboa tunguu.

Na dawa? Menya tunguu la chipukizi hadi libaki jeupe, ondoa mizizi yote, kisha litumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Sentensi moja ya Kiswahili imetosha. Mwalimu wa Kilimo na wa Kiswahili wangeweza kuiandika ubaoni pamoja mwezi Februari, kabla majembe hayajatoka.