Silaha ya Mkulima Ukutani kwa Jina la Mpanda Farasi

Nakala za mapambo zinazouzwa leo kama silaha za Zama za Kati za Ulaya zina sura moja: mpini mfupi wa mkono mmoja, mnyororo mrefu na tufe la chuma lenye miiba. Mnunuzi huaminishwa kwamba hivyo ndivyo mpanda farasi mwenye deraya alivyokwenda vitani. Ushahidi unatupeleka kwingine kabisa, shambani. Silaha hii ilitokana na chombo cha kupuria ngano: gongo refu la kushikwa kwa mikono miwili, lenye kipande kifupi cha mti kilichofungwa nchani kwa ukanda wa ngozi. Katika vita vya Wahus, waasi wa kidini wa Bohemia katika nchi ya Cheki ya leo, kati ya 1419 na 1434, wakulima waliopigana chini ya jemadari Jan Žižka walikipigilia kipande hicho chuma na misumari, wakapanda juu ya magari ya farasi yaliyopangwa kuwa ngome, na kuwashushia mapigo maadui waliokuwa chini yao. Mikono iliyopura tangu utotoni haikuhitaji mafunzo marefu. Na bado gongo hilo lilisomeshwa: Paulus Hector Mair wa Augsburg aliliweka katika vitabu vyake vya mapigano vya miaka ya 1540.

Ukiitazama nakala ya dukani kwa makini, pima mnyororo wake na mpini. Mara nyingi mnyororo ni mrefu kiasi kwamba tufe likirudi linafika kwenye vidole vya aliyeushika mpini. Gongo la vitani liliunganishwa kwa pete chache tu, hivyo kipande kinachopiga hakikuweza kufikia mikono. Tena tufe la mnyororo mrefu likikosa shabaha halizuiliki. Linaendelea kuzunguka, mwenyewe kabaki wazi na wenzake wa ubavuni wako hatarini.

Wapo watakaosema kwamba michoro ya karne ya 15 inalionyesha tufe hilo, na makumbusho yanayo. Ni kweli, lakini wachoraji wa enzi hizo walichora pia silaha za kubuni, na baadhi ya vielelezo vya makumbusho wataalamu huvihesabu kuwa kazi ya mafundi wa baadaye, hasa wa karne ya 19, matajiri walipopenda kukusanya deraya. Hoja nzito zaidi inatoka Ulaya Mashariki, ambako wanaakiolojia wamefukua vizito vidogo vya mfupa na vya chuma vilivyofungwa kwenye ukanda na kupigiwa kwa mkono mmoja. Silaha ya namna hiyo, basi, ilikuwepo, nami sioni sababu ya kuikana. Ila kizito cha kujaa kiganjani hakithibitishi tufe kubwa la miiba, wala hakimhusu mpanda farasi wa Uingereza au Ufaransa.

Anayelipenda tufe lake na alitundike, ni pambo zuri. Wauzaji ndio ninaowaomba waandike kwenye kibandiko kwamba ni pambo, na kando yake waweke gongo refu la Bohemia, ambalo wakulima walilibeba kweli vitani.