Mbwa wa Kazi na Mbwa wa Kusingizia
Sehemu ya Pili: Mwenye gesti aulize nini?

Wiki iliyopita tulimfuata mbwa mwongozaji tangu anapozaliwa hadi anapokabidhiwa kwa mtu asiyeona. Tuliona kwamba hulelewa kwanza katika nyumba za watu kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha hufundishwa kwa miezi kadhaa, na gharama yote hufika makumi ya maelfu ya dola. Leo nageukia jambo linaloiharibu kazi hiyo: mteja anayeingia hotelini, dukani au kwenye teksi na mbwa wake wa kipenzi, akadai kuwa ni mnyama msaidizi ili asitozwe ada au asiambiwe amwache nje.

Msomaji wa hapa kwetu Sola, wilayani Maswa, anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanaendesha teksi, wanapokea wageni na kuhudumu mezani huko Marekani na Uingereza, nao hukutana na mteja wa namna hiyo na kutakiwa kuamua papo hapo. Na mkoa wetu wa Simiyu uko jirani na Serengeti. Wageni wanapita Lamadi, wanalala Bariadi, na idadi ya nyumba za kulala wageni inaongezeka. Siku mgeni atakapofika mapokezi na mbwa, mhudumu asiyejua lolote ama atamfukuza anayestahili kupokewa, ama atampokea asiyestahili.

Tuanze na Marekani, ambako sheria imekomaa na udanganyifu nao umekomaa. Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ilitungwa mwaka 1990. Kanuni zake zilizoanza kutumika Machi 15, 2011 zinamtambua mbwa kuwa mnyama msaidizi, na farasi wadogo wamewekewa masharti yao pembeni. Mbwa huyo lazima awe amefundishwa kazi mahususi inayohusiana na ulemavu wa mwenyewe. Kazi hiyo yaweza kuwa kumwongoza asiyeona, kumshtua kiziwi mlango unapobishwa, au kumtahadharisha mwenye kisukari kwamba sukari inashuka. Mbwa ambaye anamfariji tu mwenyewe kwa kuwa karibu naye hahesabiwi.

Mhudumu asipoiona kazi ya mbwa kwa macho yake, anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu. Je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefundishwa kufanya kazi gani? Hawezi kumuuliza mtu anaumwa nini, hawezi kudai cheti, wala hawezi kutaka mbwa aonyeshe ufundi wake hapo mapokezi. Hawezi pia kumkataa kwa sababu mteja mwingine anaogopa mbwa, na ada ya mnyama haitozwi, ingawa mbwa akiharibu kitu mwenyewe anaweza kulipishwa.

Mzee wa Kisukuma angelielewa lile swali la pili bila kufafanuliwa. Katika kaya nyingi za Maswa, Itilima na Meatu mbwa hakai bure. Usiku analinda zizi, mchana anafuatana na wachungaji machungani. Kuuliza mbwa huyu anafanya kazi gani ni kuuliza jambo la kawaida kabisa, na mwenye mbwa wa kweli hulijibu kwa sentensi moja. Anayesingizia ndiye huanza kuzunguka: ananipenda, nimemzoea, siwezi kulala bila yeye. Huenda yote hayo ni kweli, ila hakuna hata moja lililo jibu la swali aliloulizwa.

Lakini mwongo naye hujifunza majibu. Kwa kuwa hakuna daftari la serikali la wanyama wasaidizi, biashara imejaa kwenye intaneti ya kuuza vizibao, vitambulisho vyenye picha ya mbwa na hati za kuandikishwa. Karatasi hizo hazina nguvu yoyote kisheria. Hapo ndipo mhudumu mgeni na sheria hukosea mara mbili: anampokea mwenye kizibao cha kununua, kisha anamkataa mwenye mbwa wa kweli asiye na karatasi.

Kwenye ndege mambo yalizidi. Mashirika ya huko yalilazimika kwa miaka mingi kubeba pia wanyama wa faraja, na abiria wakawa wanaleta kila aina ya mnyama. Januari 2018, katika uwanja wa Newark, abiria alitaka kupanda na tausi, shirika likamkatalia. Wizara ya Uchukuzi ilitoa kanuni mpya Desemba 2020, na tangu Januari 2021 mashirika hayalazimiki tena kumhesabu mnyama wa faraja kuwa msaidizi. Majimbo mengi nayo yameufanya udanganyifu wa kumsingizia mbwa kuwa msaidizi kuwa kosa. Florida, kwa sheria ya 2015, mkosaji anaweza kufungwa hadi siku 60, kutozwa faini ya hadi dola 500 na kupewa saa 30 za kutumikia jamii. California adhabu yaweza kufika miezi 6 jela na faini ya dola 1,000.

Adhabu hizo ninaziunga mkono, kwa sababu anayelipia uongo huu si mwenye hoteli. Anayelipia ni mtu asiyeona. Mbwa asiyefundishwa akimrukia mbwa mwongozaji na kumng'ata, yule wa pili anaweza kuingiwa na hofu asiweze tena kufanya kazi, na mwenyewe akabaki bila macho yake ya barabarani. Tena kila dereva aliyedanganywa jana humtazama kwa shaka abiria wa leo. Shirikisho la Taifa la Wasioona la Marekani liliishtaki kampuni ya Uber mwaka 2014 kwa sababu ya madereva waliowakataa abiria wenye mbwa, na mwaka 2016 kampuni ikakubali masharti kwamba dereva anayemkataa abiria wa aina hiyo kwa kujua ataondolewa. Hata hivyo, mwaka 2021 msuluhishi aliiamuru kampuni hiyohiyo imlipe mwanamke mmoja asiyeona dola milioni 1.1. Alikuwa amekataliwa mara 14.

Sitaki kuwalaumu madereva bila kuwasikiliza. Mwaka 2007 mamlaka ya viwanja vya ndege ya Minneapolis ilipitisha adhabu kali kwa dereva wa teksi anayekataa abiria mwenye pombe au mwenye mbwa msaidizi: leseni kusimamishwa siku 30 kwa kosa la kwanza, kufutwa kwa miaka 2 kwa kosa la pili. Wengi wa madereva wale walikuwa Wasomali Waislamu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Wasomali na watu wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Dhamiri hiyo ni ya kweli, nami naiheshimu. Lakini dini hiyohiyo imemruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, yaani mbwa mwenye kazi. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulimruhusu kijana asiyeona kufika na mbwa wake, mbwa akatengewa mahali pa kupumzika nje ya eneo la sala. Waumini wale hawakuiacha sheria yao ya tohara, na kijana hakuikosa sala ya jamaa.

Sasa turudi Simiyu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 mwaka 2010. Mkataba unazitaka nchi zirahisishe upatikanaji wa msaada wa viumbe hai, na maneno hayo yanatosha kumbeba mbwa mwongozaji. Kwa hiyo mwenye gesti wa Bariadi asiseme tu kwamba hapa mbwa hawaingii. Aulize yale maswali mawili, kwa sauti ya kawaida, bila kumfanya mgeni awe tamasha mbele ya watu.

Kisha amtazame mbwa. Tabia haiuzwi kwenye intaneti. Mbwa aliyefundishwa hukaa karibu na mwenyewe, hulala chini ya meza, hanusi sahani za watu, habweki ovyo, hajisaidii ndani. Mbwa akibweka, akirukia watu, na mwenyewe akashindwa kumtuliza, mwenye gesti ana haki ya kusema mbwa atoke. Hata Marekani ndivyo ilivyo. Lakini anatoka mbwa; mtu aendelee kupewa chumba na chakula.

Kwetu ningeongeza swali la tatu, kuhusu chanjo. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu katika ukanda wetu, na dalili zikishajitokeza matumaini ya kupona karibu hayapo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kukimbilia chanjo siku hiyohiyo. Maradhi ya mbwa yameigusa hata hifadhi: mwaka 1994 homa iliyohusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na ndiyo maana kampeni za kuchanja mbwa zilisambazwa katika vijiji vinavyoizunguka. Swali la chanjo haliugusi ulemavu wa mtu, na kila mwenye mbwa anaweza kulijibu, awe mgeni au mwenyeji.

Ila hapa Sola msaada ulio hai si mbwa. Ni mtoto, aliyeshika ncha moja ya fimbo huku babu yake asiyeona ameshika nyingine, wakielekea gulioni siku ambayo wenzake wako darasani. Wakipanda basi, kondakta amtoze nauli mtoto yule? Na nani atamrudisha shule? Hayo ndiyo nitakayoyaandika wiki ijayo.