Texas ilitaka kubana fedha, watoto ndio waliotolewa shuleni

Saa 12 asubuhi, Septemba 9, 1977, familia nne zenye asili ya Mexico ziliingia mahakamani mjini Tyler, jimbo la Texas, Marekani. Kesi ilipangwa mapema hivyo ili wasionekane na watu wengi. Magari yao yalikuwa yamesheheni mizigo. Wazazi hawakuwa na vibali vya kuishi nchini humo, na walijua huenda wakarudishwa kwao siku hiyo hiyo.

Walifika kudai shule. Sheria ya Texas ya mwaka 1975 ilizuia fedha za jimbo kutumika kwa watoto walioingia nchini bila vibali. Tyler ikaamua kila mtoto wa aina hiyo alipe Dola 1,000 kwa mwaka. Mtoto wa kibarua angeipata wapi?

Jimbo lilijitetea kwamba wageni ni mzigo, na kwamba wakiondolewa, elimu ya waliobaki itakuwa bora. Jaji William Wayne Justice alisikiliza ushahidi, akaona kwamba jimbo lingeokoa fedha kidogo, lakini si lazima elimu iwe bora.

Shauri lilifika Mahakama ya Juu, ambayo Juni 15, 1982 iliwapa watoto ushindi kwa kura 5 dhidi ya 4. Majaji walisema hapakuwa na ushahidi kwamba wahamiaji hao walikuwa mzigo mkubwa kwa uchumi wa Texas. Walitumia huduma za umma kidogo, huku wakichangia nguvu kazi na kodi.

Tangu hapo, wanaotetea Walatino, yaani wenye asili ya Mexico, Puerto Rico, Cuba na nchi jirani, wamejifunza kwenda na takwimu mkononi. Sensa ya 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1 Marekani.

Upande wa afya, mfano ni California. Tangu 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha UCLA huhoji wakazi, kwa Kihispania pia, kuhusu afya na bima zao, kisha hutoa matokeo hadi ngazi ya wilaya. Hivyo mwakilishi anaweza kujua hali ilivyo kwa watu wake, badala ya kukisia.

Mei 2016, jimbo hilo lilifungua bima yake ya Medi-Cal kwa watoto wote wa kipato cha chini, wenye vibali na wasio navyo. Baadaye watu wazima nao wakaingizwa, hadi gharama zilipozidi makadirio. Januari 2026 uandikishaji wa watu wazima wapya wasio na vibali ulisimamishwa. Mlango wa watoto ulibaki wazi.

Msomaji anayevuka Namanga, Busia au Rusumo na bidhaa zake amewahi kusikia maneno kama ya Texas: wageni wanajaza shule zetu, wanamaliza dawa zetu. Akisikia tena, aulize ni wangapi, na wamelipa kiasi gani. Na stakabadhi zake za ushuru asizitupe, kwani hesabu hiyo huanzia hapo.